Rula Aliyopewa Fardosa

Wiki iliyopita nilirudisha ufunguo wa kabati la mafaili. Wakili wetu akaniomba niwaandikie ninyi mnaobaki mambo machache kuhusu kusoma mikataba ya harusi kabla haijatiwa saini. Aliomba ukurasa mmoja. Niliingia ofisi hiyo ya Garissa nikiwa bado na meno yote, kwa hiyo ukurasa mmoja hautatosha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu baadhi yenu mmetoka Kitui na Embu, na mimi sina nguvu ya kueleza jambo mara mbili. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Mshahara mnaweza kuukisia mkitazama viatu vyangu.

Nilitoka Ijara, kwetu ni wafugaji, nikiwa na cheti cha sekondari na mwandiko mzuri. Siku ya kwanza Mzee Dahir, aliyekuwa karani mkuu, alinipa mkataba wa kupangisha duka akaniambia niusome. Niliumaliza upesi nikamrudishia, nikitegemea sifa.

"Mwenye duka anaruhusiwa kuingia humo bila kubisha?" akaniuliza.

Sikujua.

"Umesoma kama ngamia aliyefika kisimani, Habiba. Umemeza tu."

Akafungua droo, akatoa rula ya mbao iliyofutika namba zote, akailaza chini ya mstari wa mwisho kabisa, pale juu ya saini. Tulianza hapo, tukapanda mstari kwa mstari hadi juu. Alinieleza sababu: msomaji huchoka akifika mwisho, na anayeandika mkataba anajua hivyo, ndiyo maana mambo mazito huyaweka huko. Ukianzia chini unayakuta ukiwa bado na nguvu. Jaribuni. Wiki ya kwanza mtaona kizunguzungu, wiki ya pili mtazoea.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoniweka kazini miaka yote hiyo. Mteja akija na mkataba, usiusome. Upokee, uulaze kifudifudi juu ya meza, kisha mwambie: nieleze siku yenyewe. Anaanza asubuhi, nani anafika kwanza, nani anabeba nini, watu wanakula saa ngapi, wanaswali wapi, hadi mgeni wa mwisho aondoke. Wewe unaandika kila kitu anachotaja. Mkataba unaugeuza baadaye, na unakitafuta kila kitu ndani yake. Usichokikuta ndicho kitakacholeta ugomvi. Msiwaharakishe kina mama wakisimulia. Hata akianza na ndoto aliyoota bibi yake, mwacheni, atafika.

Zamani hakuna aliyetuletea karatasi za harusi. Jirani alileta sufuria, mjomba alileta ngamia, mambo yakaisha. Kisha kumbi zikajengwa mjini, watu wakaanza kuagiza mapambo, keki na kamera kutoka Nairobi, na kila kitu kikaja na mkataba. Baba mmoja alinijia na mkataba wa mpishi kutoka pwani. Nikaulaza kifudifudi, akanisimulia, nikatafuta, nikakuta wali, biriani, mbuzi ishirini, vyombo na wahudumu. Nikamwambia atie saini. Asubuhi ya harusi nikaitwa uani kwao. Masufuria yalikuwa yanachemka maji matupu.

"Wewe mpishi gani, mbuzi hakuna?" yule baba alikuwa anafoka.

"Bwana, mimi nimeandikiwa kupika," mpishi akajibu, mikono kifuani. "Kukimbiza mbuzi sikuandikiwa."

Kila upande ulikuwa umengoja mbuzi wa upande wa pili. Ndugu za bwana harusi walikwenda sokoni mbio, na chakula cha mchana kililiwa baada ya Alasiri. Tangu hapo, nikiona kitu kwenye mkataba nauliza kinatoka wapi. Jenereta, sawa, na dizeli ya nani? Mahema, sawa, na nani anachimba mashimo ya nguzo?

Mahema ndiyo yaliyonipa swali langu mwenyewe. Familia moja ilikodi mahema hapa Garissa kwa harusi ya Tarbaj, kule Wajir. Nilisoma kila kitu, hata lori la kuyapeleka. Harusi ilikuwa nzuri. Kesho yake mvua ikanyesha, lori lilikuwa limeshaondoka, na mahema yakakaa kwenye tope siku tisa huku mwenye mahema akipiga simu kuuliza nani anayarudisha. Mkataba ulinyamaza, kwa sababu hata yule mama aliyenisimulia alinyamaza. Simulizi lake lilikwisha mgeni wa mwisho alipoondoka, kama Mzee Dahir alivyotufundisha. Basi nikaongeza swali. Mteja akimaliza kusimulia, akashusha pumzi, na kushika mkoba wake ili aondoke, namwuliza: na kesho yake?

Msidharau swali hilo kwa ufupi wake. Limewaokoa watu wengi. Sikumwambia hata Mzee Dahir. Lilikuwa kitu pekee mezani pale ambacho hakikutoka kwake.

Kisha akaja Fardosa. Alizaliwa hapa hapa mjini, alikuwa na diploma, alicheka kwa urahisi, na aliweza kusoma mkataba huku anamtengenezea mteja chai. Nilimpokea vizuri. Nilimwonyesha mafaili, choo, na kiti kisicho na mguu mbovu. Miezi sita haikupita kabla mama mmoja hajachungulia mlangoni akanitazama, akatazama nyuma yangu, akasema, "Yuko yule msichana?"

"Yupi?"

"Yule anayeelewa haraka."

Nilimwelekeza. Baada ya hapo nikawa nahesabu. Waliokaa benchi la Fardosa, waliokaa benchi langu. Kalamu nzuri nikawa naifungia. Akisifiwa mbele yangu nilisema mashallah, na nilisema kweli, ila nilisema nimeuma meno. Nawaeleza haya kwa sababu mtafanya kazi na watu wanaowazidi, na hakuna atakayewatayarisha.

Mzee Dahir alipostaafu tulimfanyia halua na kahawa. Alipomaliza kutuombea dua alifungua droo, akatoa ile rula. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Naona haya hadi leo nikikumbuka ule mkono. Akanipita, akampa Fardosa.

"Habiba haihitaji tena," akasema.

Najua sasa kwamba ilikuwa sifa. Siku ile nilisikia kwamba nimekwisha. Nilikwenda kuosha vikombe visivyokuwa vichafu.

Fardosa aliitumia kila siku. Alijua kusoma kutoka chini, alijua kulaza mkataba kifudifudi. Swali la kesho yake hakulijua, maana sikumfundisha. Alikuwa na rula. Swali lilikuwa langu. Nikiwa na mteja na Fardosa yuko karibu, nilingoja atoke ndipo niulize.

Mama Ifrah alikuja Jumatatu, na alikwenda kwa Fardosa. Binti yake Ifrah, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki hiyo. Ninyi mlio wageni, elewani jambo moja kuhusu sherehe ya wanawake huku kwetu. Ukumbini haingii mwanamume, hata mbeba soda. Simu hukusanywa mlangoni kwenye kapu. Wanawake wakiwa na uhakika huo huvua mitandio, huonyesha nywele walizosuka siku mbili, huvaa dira, magauni yetu mapana mepesi, na dhahabu, kisha hucheza. Mwenye shughuli huwa amewapa ahadi yake. Picha moja ikitoka nje na kuonwa na wanaume, ni yeye atakayeulizwa, na kila mgeni ana mume, kaka na baba wa kuuliza.

Kwa hiyo Mama Ifrah alipoleta mkataba wa kampuni ya video kutoka Nairobi, Fardosa alitafuta neno moja na akalikuta: wapiga picha wote watakuwa wanawake. Na simu mlangoni. Na taa. Na keki inakatwa saa ngapi. Mama Ifrah akaondoka akimwombea mume mwema.

Nakala ilinifikia mimi Jumanne kuweka kwenye faili. Nikaisoma kwa sababu ilikuwa yake. Kifungu cha tisa kilisema video itakatwa na kuunganishwa kwenye studio ya kampuni Nairobi, na kwamba kampuni yaweza kutumia baadhi ya picha kwa matangazo yake. Anayeshika kamera ni mwanamke, sawa. Na kesho yake? Kesho yake kadi ya kamera inapanda basi.

Niliiona palepale. Saini ilikuwa iwekwe Alhamisi. Niliitoboa karatasi matundu mawili, nikaiweka kwenye faili, nikafunga kabati. Nilijiambia si meza yangu. Ukweli ni kwamba nilimwona Mama Ifrah akirudi, macho mekundu, akisema mbele ya wote: tungempa Habiba angeona. Nilipenda sana nilichokiona.

Jumatano Fardosa akaja kwangu na mkataba ule ule.

"Edo," akasema, maana wasichana wetu hutuita hivyo, shangazi, "nahisi nimeruka kitu. Sijui nini. Utanisomea?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Niliuchukua, nikauangalia kwa muda wa kutosha kuonekana ninasoma, nikamrudishia.

"Ni sawa," nikasema.

Alifurahi. Akaniletea chai. Niliinywa.

Jumamosi nilikuwa mmoja wa wageni. Mama Ifrah alitualika ofisi nzima, yaani sisi wanawake. Tulianza baada ya Alasiri. Udi ulikuwa unafuka kila kona, Ifrah amekaa juu jukwaani kama mwezi, na binamu zake kutoka Banissa walikuwa wanaimba buraanbur, yale mashairi ya wanawake ya kusifu ukoo, mmoja anatunga na wengine tunapiga makofi. Nami nilivua mtandio. Nilikuwa nimepaka hina, nimesuka, na mtu akanivuta katikati ya duara. Miguu yangu ilikuwa bado inafaa. Nikazunguka, na nilipoinua uso nikakuta kamera imenielekea, taa yake nyekundu inawaka.

Nilisimama katikati ya wimbo. Siku nne nilikuwa nimefikiria machozi ya mtu mwingine. Sikuwa nimefikiria nywele zangu.

Nilichukua mtandio wa mtu yeyote kitini, nikajifunika, nikamfuata mpiga picha aliposogea ukutani kubadilisha betri. Alikuwa msichana mchangamfu aitwaye Mercy.

"Kadi hiyo ikijaa inakwenda wapi?"

"Nairobi, mama, na basi ya asubuhi. Kule ndio wanaiunganisha."

"Kina nani?"

"Vijana wetu wawili. Wako juu sana hiyo kazi."

"Wavulana?"

"Eeh, wavulana. Lakini usijali, wamezoea. Hata hawaangalii."

"Wanaunganisha bila kuangalia?"

Akaanza kucheka, kisha akaniona uso, akaacha.

Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu na wanawake walikuwa wanaanza kwenda kutawadha. Nilimkuta Fardosa kwenye foleni ya maji, mikono ya dira ameikunja. Ningeweza kumwambia kwamba nimeshtukia sasa hivi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, tamu. Nikasema, "Kifungu cha tisa."

Alifumba macho kidogo, akakisoma kichwani. "Studio," akasema. Kisha, "Uliona lini, edo?"

"Jumanne."

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye birika lake. Akafunga bomba.

"Nilikuuliza Jumatano."

"Uliniuliza."

Akashusha mikono ya dira, akatangulia, na ningependa angenifokea kwanza. Tulikwenda wote wawili kwa Mama Ifrah, nami nikamweleza mwenyewe, siku kwa siku, bila kumtaja Fardosa kwa kosa lolote. Alinisikiliza akiwa ameshika sahani ya sambusa.

"Habiba," akasema polepole, "mama mkwe wa binti yangu yuko pale ndani, kichwa wazi, anacheza. Dada zangu wamesafiri kutoka Banissa. Mimi ndiye niliyewaambia vueni. Niliwaapia."

Fardosa alikuwa ameshakwenda mlangoni, akachakura kapu, akatoa simu yake yenye picha ya mkataba. Akaisoma kutoka chini, kidole kikipanda kwenye kioo. Akasimama kwenye kifungu cha kumi na nne.

"Mabadiliko yanaweza kufanywa kwa maandishi, pande mbili zikikubali, kabla ya shughuli kumalizika." Akainua uso. "Shughuli haijaisha."

Hatukuwa na karatasi. Tulirarua kifuniko cha boksi la keki. Fardosa aliandika kwamba kadi haitatoka Garissa, kwamba Mercy ataunganisha video hiyo yeye mwenyewe nyumbani kwa Mama Ifrah na wanawake wa nyumba wakiwepo, na kwamba hakuna picha ya matangazo. Mercy akatazama boksi.

"Kuunganisha naweza, mama, lakini mimi ni wa kushika kamera tu. Mkubwa ndiye anaamua."

Tukampigia mkubwa. Alikuwa mpole na mgumu. Alisema studio yake ni ya kuheshimika na vijana wake ni waaminifu, mama asiwe na wasiwasi. Mama Ifrah akaichukua simu.

"Mwanangu wa kuzaa pia ni mwaminifu," akamwambia. "Na yuko nje getini. Humu hajaingia."

Kisha akanipa simu. Nikamsomea kifungu chake mwenyewe cha kumi na nne, pole pole, kama ninavyowasomea wateja. Alikubali, akatuma ujumbe kwenye simu hiyo kwamba Mercy atie saini kwa niaba yake. Akatia, kalamu ikiteleza kwenye mafuta ya keki.

Msidhani iliisha vizuri kabisa. Mama Ifrah alisimama mbele ya wageni baada ya swala akawaambia yote, kwa kuwa alikuwa amewaapia. Wanawake watano walichukua mabuibui yao wakaenda zao. Mama mkwe alibaki, lakini alikaa amejifunika hadi mwisho na hakucheza tena. Ifrah alimtazama tu kutoka kule juu. Mercy alikaa siku nne nyumbani kwao, akajifunza kutengeneza canjeero, mikate yetu myembamba, na kadi haikutoka. Lakini kicheko cha kabla ya Magharibi hakikurudi, na hicho hakuna kifungu cha kukirudisha. Mama Ifrah alinisalimu tena mwezi wa Ramadhani, kwa sababu ya Ramadhani.

Jumatatu nilimfundisha Fardosa swali la kesho yake. Aliliandika kwenye kijitabu, akanishukuru kwa adabu. Na mimi sasa nawapeni ninyi wote, bure, kama nilivyopaswa kumpa yeye siku ya kwanza nilipomwonyesha choo na kiti. Mteja akishika mkoba wake aondoke, mwulizeni. Na mwenzenu akija kuwaambia nahisi nimeruka kitu, wekeni chini kikombe msome. Wivu mtakuwa nao. Mimi ninao bado. Kila nikiona ile rula mezani kwake mkono huu huwasha. Wivu wenyewe hauvunji kazi. Kazi yangu niliivunja kwa maneno mawili tu niliyoyasema Jumatano.

Mwezi wangu wa mwisho ofisini, Fardosa alikuja na mkataba. Ukumbi, mapambo, mpishi, kamera. Nikatafuta jina la mteja, nikakuta lake.

"Nisomee, edo," akasema.

Nikaulaza kifudifudi. "Nieleze siku yenyewe."

Alinieleza, kuanzia alfajiri, akiona haya pale pa kuona haya. Nikamwuliza na kesho yake, akanieleza na kesho yake. Kisha nikaugeuza, nikausoma kutoka chini, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu. Ya tatu, niwaambie ukweli, nilikuwa natafuta kosa lake. Halikuwepo. Alikuwa ameuandika upya na wenye ukumbi hadi nukta ya mwisho, vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

"Ni sawa," nikamwambia.

Alinitazama. Kisha akafungua mkoba, akatoa rula ya Mzee Dahir, akaiweka chini ya mstari wa mwisho, akaanza kusoma mwenyewe.

Niliinuka nikampisha kiti changu, kwa kuwa mwanga unaingia upande huo.